Kishindo Ng'ambo ya Kinamasi

Sajini Lorna Hepditch alikuwa amezoea watu wanaopunguza. Aliyekunywa chupa sita husema mbili, aliyeendesha gari kichaa husema alikuwa anajikokota, na mwindaji aliyefyatua mara tano husema mara moja, tena kwa bahati mbaya. Katika miaka yake yote ya upolisi hakuwahi kukutana na mtu aliyeongeza. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi, badala ya kufunga jalada la kifo cha Selby Vardy, aliwasha gari akashika tena njia ya kijiji cha Rattling Arm.

Aliyeongeza alikuwa mzee Hedley Strickland. Jumatano, siku ya tukio, mzee alisema amepiga risasi moja. Alikuwa upande huu wa kinamasi, na musi dume, yule kulungu mkubwa mwenye pembe pana kama masinia, alikuwa upande ule, mita mia tano na ushei. Mzee alimpiga kwa bunduki yake ya mtutu mpana, ambayo kijiji kizima kiliiita Mama Mkwe kwa jinsi inavyomsukuma mtu bega. Musi akaanguka. Nyuma yake, kwenye misonobari iliyodumaa, alikuwemo Selby, mume wa Effie, dada wa mzee Hedley, aliyekuwa amezunguka huko kumwita mnyama atoke. Risasi ilimpitia musi ikampata Selby kifuani. Hivyo ndivyo mzee alivyosema na hivyo ndivyo kila mtu alivyoamini, maana risasi ya Mama Mkwe ni nene kama kidole cha mtoto na ubavu wa mnyama hauizuii hata kidogo.

Ijumaa daktari wa mjini akapiga simu. Alisema risasi ya kuwindia ikishapita ndani ya mnyama hutokea imechanua kama uyoga, na kokote itakakoingia tena itaacha shimo pana lililochanika. Tundu la Selby la mbele lilikuwa dogo na safi. Risasi ilimfikia ikiwa nzima, haijagusa kitu njiani.

Hepditch alimpigia mzee akamweleza hivyo hivyo, bila kupamba. Mzee alikohoa. Kisha akasema, "Basi nilipiga mbili. Ya kwanza ilimkosa musi ikampata Selby. Nilisahau tu, binti yangu. Uzee huu."

Hakuna mwindaji anayesahau risasi aliyokosa. Atasahau kwanza siku ya harusi yake. Tena kwenye bunduki ya mzee Konstebo Pelley alikuta ganda moja tu la risasi, na jingine hakuliona popote karibu na mahali mzee alipolala kupiga. Mzee alikuwa akijitwisha risasi ambayo hakuipiga, na Jumatatu ingembidi asimame mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo. Alikuwa na miaka sabini na minne na pafu moja zima. Akifungwa, hatoki.

Hepditch aliyawaza hayo yote njia nzima na hayakumchoma popote. Alikuwa amefika mahali ambapo maiti ni kazi kama kazi nyingine, na alikuwa ameacha kujiuliza kama hilo ni baya. Nje mvua nyembamba ilikuwa inapita upande upande. Miguu yake ilikuwa baridi tangu alipotoka nyumbani.

Alimkuta Dorman uani kwa baba yake, anaosha pikipiki ya magurudumu manne kwa bomba. Dorman alikuwa mtoto wa pekee wa mzee, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mnene wa shingo, mcheshi, mwenye wasichana wawili wadogo. Alikuwa mmoja wa wale wanaokwenda Alberta, mbali magharibi, kufanya kazi ya mafuta wiki tatu na kurudi nyumbani wiki tatu. Alizima bomba, akamwita Sajini kipenzi chake, kama wanavyomwita kila mwanamke huku hata awe amekuja kuwafunga, akauliza kama atakunywa chai.

Hepditch alisema chai baadaye. Kwanza alimsomea haki zake, neno kwa neno. Dorman alicheka akasema hajapata kusomewa kitu kirefu hivyo tangu ubatizo, kisha akasema anaelewa na wakili hamhitaji, kwa sababu hana la kuficha.

Basi akasimulia upya. Jumatano walitoka watatu. Leseni ilikuwa ya baba yake na Selby, leseni moja ya watu wawili kwa musi mmoja, kama walivyofanya miaka yote. Yeye hakuwa na leseni wala bunduki, kwa kuwa mwaka jana alikamatwa akiwinda usiku kwa taa na akapigwa marufuku miaka mitano. Alibeba darubini na birika la chai tu. Selby alizunguka kinamasi peke yake na kopo lake la kuitia musi. Yeye alibaki na mzee.

"Mlikuwa mmekaaje?" aliuliza Hepditch.

"Tumelala kifudifudi, bega kwa bega. Namtazamia kwa darubini, namwambia bado, bado, sasa."

"Baba yako alipiga ngapi?"

"Moja."

"Yeye sasa anasema mbili."

Dorman alikunja uso kwa mshangao wa kweli. Alisema mzee amechanganyikiwa, maskini, hali wala halali, akiulizwa kama alipiga kumi atasema kumi. "Moja, nakwambia. Bado iko masikioni. Ilipita kama mjeledi, ikamtandika yule musi, pu! Kama mtu anayepiga godoro lililolowa. Halafu ndiyo Mama Mkwe akaguna. Moja tu. Zingekuwa mbili ningejua."

Hepditch alikuwa anaandika. Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

"Hebu nirudie hapo. Polepole, niandike vizuri."

Dorman alirudia kwa furaha, maana alikuwa mtu wa kupenda kusimulia. Safari hii alitumia na mikono: kiganja kikapita hewani, ngumi ikapiga kiganja, pu, halafu akatoa mngurumo kifuani. Hepditch alifungua kurasa za nyuma, kwenye maelezo ya Jumatano. Yalikuwa yale yale. Pu, halafu bunduki. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe na hakuyaona.

Aliuliza jambo jingine, kama mtu anayefagia pembe za chumba. Bunduki ya Selby ilikuwa pacha wa Mama Mkwe. Walizinunua pamoja, duka moja siku moja, kwa ajili ya wanyama wa mbali ambao wawindaji wenzao waliwaacha, na mpaka leo walikuwa wakigawana kasha moja la risasi. Pelley alipoinusa ile ya Selby siku ya tukio, mtutu ulinuka baruti. Kwa nini?

Dorman hakusita. Selby aliijaribu jioni ya kuamkia siku ile, kwa kulenga kopo la rangi nyuma ya kanisa, mtu yeyote atamwambia. Na kweli Hepditch alikwisha kuliona kopo hilo, na tundu lake. Kwa siku mbili tundu hilo lilimtosheleza.

"Nipeleke tena kinamasini," alisema. "Pelley yuko huko. Nataka unionyeshe ulipolala."

Walikwenda kwa ile pikipiki iliyooshwa, na kabla hawajapita kilima cha kwanza ilikuwa imekwisha kuchafuka. Njiani Hepditch alikumbuka kitu kingine alichokiona Jumatano na kukipita. Kopo la Selby lilikuwa kopo la kahawa lililotobolewa chini na kupitishwa kamba. Kamba ikilowa na kuvutwa kwa vidole, kopo hulia kama musi jike anayetafuta dume. Ni kazi ya mikono miwili. Kwa hiyo anayeita huketi na bunduki mapajani, kwa sababu dume likija linakuja mbio na lina hasira. Kopo la Selby lilikuwa chini ya mwili wake. Bunduki yake ilikuwa imeegeshwa kwenye mti mkavu ng'ambo ya dimbwi, mahali ambapo asingeifikia bila kuinuka na kuruka maji. Mzee na mwanawe wote wawili walisema hawakuigusa.

Kinamasi kilikuwa kimenyooka mbele yao, rangi ya kutu, na madimbwi yake meusi hapa na pale. Ng'ambo, kwenye ukingo wa misonobari, Pelley alikuwa ametundika gunia lililojaa mboji iliyolowa, pale pale musi aliposimama. Sasa alikuwa amerudi upande huu na Mama Mkwe mkononi. Pelley alikuwa kijana wa mjini na alikuwa akiitazama ile bunduki kama mtu aliyepewa ng'ombe wa jirani amkamue.

Dorman alionyesha mahali bila kusita, kwa sababu mahali palijulikana. Majani yalikuwa bado yamelala alipolala mzee. Ya pembeni yake yalikuwa yamesimama, lakini kinamasi husahau haraka na Hepditch hakulitegemea hilo. Alimwambia Dorman alale kama alivyolala. Yeye mwenyewe alilala upande wa pili, maji yakapenya kwenye viwiko vya koti. Vidole vyake havikuwa na hisia tena. Alivitazama kama vya mtu mwingine.

"Piga," alimwambia Pelley.

Mama Mkwe alinguruma. Ardhi iliruka chini ya matumbo yao, masikio yakaziba, na ndege fulani wakatoka kwenye nyasi. Mlio ulikwenda ukagonga kilima ukarudi. Kisha pakawa kimya, kimya cha kutosha mtu kumeza mate na kuanza kufikiria jambo jingine. Ndipo kutoka ng'ambo, kidogo, kwa mbali, ikaja: pu.

Pelley alikuwa anasugua bega. Hepditch alimwambia apige tena.

Mngurumo. Kimya. Pu.

Dorman alikuwa ameacha kutazama ng'ambo. Alikuwa anatazama majani yaliyo mbele ya pua yake.

"Bunduki kwanza," alisema Hepditch. "Halafu musi."

"Ni upepo huo."

"Upepo unatoka kule unakuja huku. Jumatano pia."

"Basi nimepanga maneno vibaya. Mtu akisimulia hupanga vibaya."

"Umeyapanga hivyo mara tatu. Umenionyesha na kwa mikono." Hepditch alijiinua, akaketi kwenye maji kwa kuwa hapakuwa na pakavu. "Risasi ya hii bunduki inakwenda mbio kuliko mlio wake. Ukiwa huku, unasikia bunduki na unangoja kishindo. Ukiwa kule, kishindo ndicho kinachokufikia kwanza, na ule mjeledi wako. Baba yangu alinifundisha hilo nikiwa na miaka tisa, na wewe baba yako alikufundisha. Unalijua mpaka hulifikirii. Ulinieleza ulichosikia, Dorman. Hukudanganya. Ulidanganya tu ulipokuwa."

Dorman alijiinua akaketi. Mvua ilimtiririka shingoni na hakuipangusa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia ya kufika dukani.

"Aliniambia mwenyewe. Tumekaa pale, anavuta ile kamba yake. Akanipa bunduki nimshikie. Halafu akaniambia, Dorman, mwaka jana ni mimi niliyempigia simu bwana nyama. Eti hapati usingizi. Eti alifanya kwa ajili yangu, nisije nikaua mtu kwa ile taa."

Pelley alikuwa wa mjini, hakuelewa uzito wake. Hepditch alielewa. Huku mtu atamsamehe jirani aliyemchomea banda la boti. Aliyepiga simu kwa bwana nyama kumchongea mwindaji mwenzake hasamehewi, na watoto wake hawasamehewi.

"Kisha?"

"Sikumjibu kitu. Dume likatoka. Mzee akapiga, likaanguka. Na mimi nikapiga." Alinyanyua mkono mmoja akauangusha. "Hata hasira sikuwa nayo, kipenzi. Ilikuwa kama mtu ameita nami nikaitika. Nikatoa ganda nikalitupa dimbwini, nikatia risasi nyingine, nikaiegesha bunduki mtini. Mzee alipofika alinikuta nimekaa tu. Nikamwambia, umempiga Mjomba Selby. Hakusema kitu."

"Hata neno moja?"

"Aliniambia nivae kofia, nitapata baridi."

Pelley alimfunga pingu kwa mbele, ili aweze kushika chuma akiwa nyuma ya pikipiki. Walikwenda polepole. Ilipofika njia panda, Pelley alimwingiza Dorman kwenye gari la polisi akaondoka naye. Hepditch aliendelea peke yake kwa miguu hadi nyumba ya mzee Hedley. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpelekea habari.

Mzee alikuwa jikoni karibu na jiko la kuni, amevaa fulana, bega la kulia limevilia damu pale Mama Mkwe alipomsukuma. Jeraha moja, kwa risasi moja. Alimwambia aketi akaushe miguu. Alimwita binti wa Wince Hepditch, maana alimjua baba yake na walivua pamoja. Akaweka chai mezani, nyeusi, na kopo la maziwa.

"Mjomba Hedley," alisema Hepditch, kama wazee wote wanavyoitwa huku, "hukumuua Selby."

Mzee alikoroga chai. Alikoroga zaidi ya ilivyohitajika.

"Najua," alisema.

Hepditch alingoja.

"Miaka ishirini na mingapi sijui, yeye upande ule mimi upande huu. Bunduki ya Selby naijua sauti kama kikohozi cha mke wangu. Nilipiga, nikasikia musi amepokea. Jicho likiwa bado kwenye darubini ya bunduki nikasikia ile nyingine. Nikajiambia, Selby anapiga nini? Musi si amelala? Kisha nikamwona Dorman amesimama peke yake." Aliweka kijiko chini. "Ulipopiga simu kuhusu lile tundu dogo nikaona unatafuta mlio wa pili. Nikakupa."

"Ungekufa ndani."

"Hapa nitafia wapi? Kwenye kiti hiki. Yeye ana wasichana wawili." Hakulia. Alikuwa anatazama bega lake kama anayetazama kitu kilichoachwa na mgeni. "Umeshamchukua?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Alikuwa amevaa kofia?"

Alimwambia kwamba alikuwa ameivaa. Haikuwa kweli, na Hepditch, ambaye hakuwahi kuandika neno la uongo kwenye jalada lolote, alilisema bila kupepesa macho. Lilimuuma. Lilikuwa jambo la kwanza kumuuma wiki nzima.

Mzee akasema kuna jambo moja Sajini halijui. Effie, dada yake, mjane wa Selby, alikuja siku ile ile ya Jumatano jioni. Alisimama pale mlangoni akamwambia, jicho lako ndilo limezeeka, Hedley, si moyo wako. Tangu hapo anakuja kila siku na chakula, kwa sababu anajua ndugu yake hapiki. Amemsamehe yeye, na amemfariji Dorman, amemshika kichwa kama mtoto. "Kumsamehe mzee asiyeona vizuri ni rahisi," alisema. "Hilo nililiweza kulibeba. Na yeye aliliweza. Sasa wewe utamwambia nini?"

Hapo mlango wa nyuma ulifunguliwa. Kwenye nyumba za huku hakuna anayebisha hodi. Effie Vardy aliingia akirudi kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo, kwa kuwa mikono yake ilijaa. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la Selby, mikono ya koti imekunjwa mara mbili. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi huku ni supu ya njegere na madonge ya unga. Aliibeba katika mabakuli mawili yaliyofunikwa kwa sahani, moja juu ya jingine.

Alimsalimu Sajini kwa adabu, kama mtu aliyezoea kumkuta. Bakuli la juu aliliweka mbele ya kaka yake, akamwondolea sahani, akamwambia ale kabla halijapoa. Kisha akatazama huku na huku, kwenye ndoano ya makoti, kwenye mlango wa chumbani.

"Dorman yuko wapi?" aliuliza. "Lake nimemwongezea donge, anavyopenda."

Mzee Hedley alivuta kiti kilichokuwa karibu naye.

"Keti, Effie," alisema.

Effie alimtazama kaka yake, akamtazama Sajini, ambaye alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Hakuketi. Alibaki amesimama katikati ya chumba na bakuli la pili mikononi, mvuke ukimpanda usoni, akitafuta pa kuliweka.